Kiu ya Garimoshi: Safari ya Reli kutoka Mwanza hadi Tabora

Reli ya Mwanza hadi Tabora ina urefu wa kilomita zipatazo 380, na jambo linaloitofautisha na njia nyingine za Tanzania ni kwamba mwisho wake mmoja umegusa ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika, ilhali sehemu yake kubwa iliyobaki hupita katika nchi ambayo maji yake, kwa muda mrefu wa mwaka, yamekuwa yakihesabiwa kwa ndoo. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800 na limekaa mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kutoka ufukweni mwake reli huelekea kusini, ikapita Usukuma na Shinyanga, ikaingia Unyamwezi, na hatimaye ikakutana na Reli ya Kati mjini Tabora. Anayetaka kuuelewa utumishi wa magarimoshi ya mvuke yaliyofanya kazi hapa, pamoja na namna yanavyohifadhiwa baada ya kustaafu, hana budi kuifuata njia hiyo kutoka penye maji mengi kwenda penye maji machache, kwa sababu ndivyo yenyewe yalivyoijua.

Msafiri huanzia Mwanza, katika stesheni iliyo karibu na ufuko kiasi kwamba upepo wa ziwa hufika jukwaani, huku majabali yaliyopandana, ambayo wageni huyatambua zaidi kwa Jiwe la Bismarck lililosimama majini, yakiuzunguka mji pande zote. Kabla ya treni kuondoka inafaa kueleza maneno mawili. Garimoshi ni jina ambalo Waswahili walilipa gari hili kwa kile kilichoonekana kwanza kwa mbali, yaani moshi, na jina hilo limebaki hata leo ambapo vichwa vinavyovuta mabehewa katika njia hii ni vya dizeli na moshi wake ni mdogo. Kichwa, au kichwa cha treni, ni lile gari la mbele lenye injini, ambalo bila yake mabehewa yote huwa ni nyumba tu zilizosimama juu ya magurudumu. Kwa hiyo lugha ilianza kulihifadhi garimoshi la mvuke kabla ya makumbusho yoyote, na haikuhitaji bajeti.

Kichwa cha mvuke, ukikitazama kwa jicho la mpishi, ni birika kubwa lililolazwa ubavu. Sehemu yake kuu ni bwela, yaani pipa nene la chuma lililojaa maji, ambalo ndani yake hupita mirija mingi inayobeba moto na gesi za moto kutoka katika tanuri lililo nyuma. Maji hayo yakichemka, mvuke hukusanyika juu kwa shinikizo kubwa, kisha dereva huufungulia njia uingie katika silinda, ambako huisukuma pistoni mbele na nyuma, na fito za chuma huugeuza mwendo huo kuwa mzunguko wa magurudumu. Mvuke uliokwisha kufanya kazi hautunzwi. Hutolewa kwa nguvu kupitia bomba la moshi, ukatoa ile sauti ya kuhema ambayo watoto wa kandokando ya reli waliiiga, na wakati huohuo ukavuta hewa mpya ipite katika tanuri ili moto usizimike. Uzuri wa mpango huu ni kwamba kadiri kichwa kinavyofanya kazi nzito ndivyo moto wake unavyopata hewa zaidi. Ubaya wake ni kwamba maji yote yanayoingia katika silinda hupotea hewani, na kwa kichwa kinachochoma makaa, kila kilo moja ya makaa huandamana na kilo sita hadi nane za maji. Ndiyo maana nyuma ya kichwa kilifungwa tenda, yaani gari fupi la kubebea fueli na maji, na ndiyo maana mtu aliyepanga reli ya mvuke alianza kwa kutafuta visima kabla ya kutafuta abiria.

Mwanza haikuwa na shida hiyo. Maji ya ziwa, mbali na wingi wake, yana chumvi chache zilizoyeyuka, na hilo kwa bwela ni neema, kwa kuwa maji magumu yakichemshwa siku hadi siku huacha ukoko mweupe kama ule unaoganda ndani ya birika la chai, na ukoko huo huuzuia moto usiyafikie maji vizuri, ukasababisha chuma kupata joto kupita kiasi na kuchoka kabla ya wakati wake.

Kusini kidogo mwa katikati ya jiji iko bandari ya Mwanza Kusini, na msafiri anayeitazama kwa makini ataona jambo lisilo la kawaida, nalo ni kwamba reli haiishii ukutani bali huteremka hadi gatini na kuendelea ndani ya meli. Meli hiyo ni MV Umoja, iliyoundwa katika miaka ya 1960 pamoja na mwenzake, MV Uhuru wa Kenya, kwa kazi ya kubeba mabehewa ya mizigo yakiwa yamesimama juu ya reli zilizotandikwa sitahani, ili behewa lililopakiwa Tanganyika lishuke Kisumu, Jinja au Port Bell bila gunia hata moja kuguswa. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu Kenya, Uganda na Tanzania zilirithi reli ya kipimo kimoja, yaani upana wa mita moja kati ya chuma na chuma, na kwa sababu tangu mwaka 1948 reli na meli zote za ziwani zilikuwa chini ya shirika moja la Afrika Mashariki.

Ushirikiano huo, hata hivyo, ulitanguliwa na ushindani. Reli iliyotoka Mombasa ilifika Kisumu tarehe 20 Desemba 1901, na tangu hapo mizigo ya pwani ya kusini ya ziwa, ikiwamo pamba na ngozi za Mwanza, ilikuwa ikivushwa kwa stima hadi Kisumu na kuteremshwa Mombasa, ingawa Mwanza ilikuwa katika koloni jingine. Wajerumani, waliofikisha Reli ya Kati Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, walikwisha kuanza tawi la kuelekea Ruanda pale vita vilipowakatiza. Waingereza waliowarithi ndio waliojenga tawi la Tabora hadi Mwanza na kulikamilisha mwaka 1928, na shabaha mojawapo ilikuwa kuivuta mizigo ya ziwa iende Dar es Salaam badala ya Mombasa. Ramani za shule huionyesha njia hii kama mstari mwembamba unaopanda kaskazini, lakini ingefaa isomwe kama kamba ya mvutano kati ya bandari mbili za Bahari ya Hindi, na fundo lake likiwa hapa Mwanza.

Treni ikishaacha Mkuyuni na majabali ya pembezoni mwa jiji, nchi hufunguka. Huko Fela, wilayani Misungwi, msafiri hukutana na tuta jingine, pana zaidi na jipya, ambalo ni la reli ya kisasa ya upana wa milimita 1,435 inayojengwa kutoka Mwanza hadi Isaka kwa urefu wa kilomita 341 na ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa tarehe 14 Juni 2021. Vichwa vilivyokusudiwa kwa njia hiyo ni vya umeme, ambao Wakenya huuita stima, neno lililozaliwa na mvuke wa meli na mitambo. Kwa lugha ya Kisumu, basi, inaweza kusemwa bila kukosea kwamba stima inarudi Mwanza.

Baada ya Fela na Mantare reli hupita Bukwimba, Malya na Malampaka, na hii ndiyo nchi ya pamba. Hapa ndipo hesabu ya maji ilipokuwa ngumu kuliko inavyodhaniwa na mtu anayeitazama ramani tu. Pamba ya Usukuma huvunwa mvua zikishakoma, huuzwa na kuchambuliwa katika miezi ya kiangazi, na marobota yake huwa tayari kusafirishwa wakati ambapo mito imekauka na malambo, yaani mabwawa yaliyochimbwa kukinga maji ya mvua, yamepungua. Kwa maneno mengine, reli ilitakiwa kuvuta mizigo mizito kuliko yote katika miezi ileile ambayo vichwa vyake vingeweza kupata maji machache kuliko yote, na ambayo wafugaji nao walikuwa wakiyatafuta kwa ajili ya ng'ombe wao. Mwaka 1955 wakulima hao waliunganisha vyama vyao vya ushirika katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, likiongozwa na Paul Bomani, na shirikisho hilo likakua likawa mojawapo ya mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika. Historia ya shirikisho hilo imeandikwa zaidi kwa upande wa siasa na bei. Upande wa mabehewa, ambao bila huo pamba ingebaki ghalani, haujapata waandishi wengi.

Abiria wa njia hii nao wana historia yao. Kabla ya reli, Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa ndio wapagazi wakuu wa misafara iliyokwenda pwani, na garimoshi, lililowapokonya kazi hiyo, likawachukua wenyewe kama mzigo wa aina nyingine, kwa kuwa katika miaka ya ukoloni wa Waingereza maelfu ya vijana wa nchi hii waliandikishwa kwenda kukata mkonge katika mashamba ya mashariki, wakiitwa manamba kwa sababu kila mmoja alipewa namba yake. Waliosafiri kwa reli kuelekea mkongeni walipita katika stesheni hizihizi, na wengi wao waliondoka bila kujua kwamba namba waliyopewa ingekuwa jina lao machoni pa msimamizi.

Kuelekea Shinyanga udongo hubadilika, ukawa ule mweusi wa mbuga unaonata kama ulimbo wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, hivyo tuta la reli juu yake huhitaji kokoto nyingi na macho ya kila siku. Mibuyu husimama mbalimbali. Maji ya chini ya ardhi katika mkoa huu yapo, lakini mahali pengi yana madini mengi, ikiwamo floridi inayochafua meno ya watoto, na maji ya namna hiyo ndiyo adui wa bwela aliyekwisha kuelezwa. Dawa yake ilikuwa kazi. Kichwa kilipofika karakana kiliachwa kipoe, maji yote yakamwagwa, vizibo vya pembeni vikafunguliwa, na mafundi wakapitisha maji ya nguvu na vyuma virefu kukwangua ukoko, kazi ya joto na tope ambayo ilipaswa kurudiwa mara kwa mara katika maisha yote ya kichwa na ambayo hakuna picha ya ukumbusho inayoionyesha.

Ndani ya kibanda cha dereva, kiungo kilichotazamwa zaidi kilikuwa kioo cha maji, yaani mrija mwembamba wa kioo uliosimama wima na kuonyesha kimo cha maji ndani ya bwela. Juu ya dari la tanuri kulikuwa na kizibo chenye risasi, madini laini yanayoyeyuka upesi, na maana yake ilikuwa hii: maji yakipungua mpaka dari hilo likabaki tupu, risasi ingeyeyuka, mvuke ungepenya kwa kishindo na kuudhoofisha moto kabla dari halijalainika na bwela kupasuka. Kuiacha risasi iyeyuke kulikuwa fedheha kwa dereva na kwa mwenzake aliyeangalia moto, na kwa wafanyakazi wa njia inayovuka nchi kavu, hatari hiyo haikuwa nadharia ya darasani.

Isaka leo inajulikana kwa bandari kavu yake, ambako makasha hushushwa kutoka kwenye mabehewa na kupakiwa katika malori yaendayo Rwanda na Burundi. Msafiri hana sababu ya kukaa hapo muda mrefu, isipokuwa kama anapenda harufu ya dizeli.

Kutoka Isaka kupitia Bukene hadi karibu na Tabora dirisha halitoi mengi, maana miombo, yaani misitu ya miti mifupi inayopukutisha majani kiangazi, hujirudia kwa saa nyingi. Misitu hii ililisha matanuri ya magarimoshi kwa kuni katika zama za mwanzo, kabla ya mafuta mazito kushika nafasi hiyo, na utulivu wake unatoa nafasi ya kueleza habari za vichwa vyenyewe na mahali vilipo sasa.

Katikati ya miaka ya 1950 shirika la reli la Afrika Mashariki liliagiza vichwa 26 vya kundi la 30 kutoka kwa kampuni ya North British mjini Glasgow. Vilikuwa na magurudumu mawili madogo ya kuongoza mbele, manane makubwa ya kuvutia katikati na manne ya kubeba tanuri nyuma. Vilichoma mafuta, na tenda yake ilifanywa kubwa kuliko ya kundi la 29 lililotangulia, ili viweze kwenda masafa marefu penye uhaba wa maji kama ilivyo katika nyanda za kati za Tanganyika. Pamoja na makundi ya 29 na 31, vilipewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki, jambo lililovitofautisha na vichwa vikubwa vya kundi la 60, ambavyo hapo awali vilibeba majina ya magavana. Baada ya uhuru majina ya magavana yaliondolewa. Ya makabila yalibaki.

Kimojawapo cha vichwa hivyo, nambari 3020, kinaitwa Nyaturu, jina la watu wa Singida, nacho kipo katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Anayetafuta kumbukumbu za chuma za reli ya Tanganyika hulazimika kufika huko, na atakutana na majina mengine ya nyumbani: ipo Mount Gelai, nambari 5918, yenye jina la mlima ulio kando ya Ziwa Natron, na ipo Mount Shengena, nambari 5930, yenye jina la kilele cha Upare. Hizo mbili ni za kundi la 59, vichwa 34 vya tani 252 kila kimoja vilivyotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester, vyenye bwela moja lililoning'inizwa kati ya injini mbili, na vilivyohesabiwa kuwa na nguvu kuliko vichwa vyote vya mvuke vya reli ya mita moja duniani; kazi yao ilikuwa kupanda kutoka Mombasa hadi Nairobi, kwa hiyo milima hiyo ya Tanzania imetembea miaka yake yote katika nchi ya jirani. Karibu nayo yupo Bavuma, nambari 3123, wa kundi la 31, anayebeba jina la watu wa visiwa vya Buvuma ndani ya Ziwa Victoria lenyewe.

Msomaji wa Tanzania anaweza kuona uchungu kwamba majina haya yamewekwa Nairobi, lakini uchungu huo unahitaji kupimwa kwa tarehe. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1971, wakati shirika lilikuwa bado ni la nchi tatu na makao yake makuu yakiwa Nairobi, na aliyekusanya vichwa hivyo alikuwa akikusanya mali ya wote. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983, na kila nchi ikabaki na kile kilichokuwa kimesimama katika ardhi yake siku hiyo. Shirika la Reli Tanzania lililozaliwa mwaka huo wa 1977 lilikuwa na kazi ya kununua vipuri na kuendesha treni. Vichwa vya mvuke, vilivyokuwa vikipisha dizeli, havikuwa na mtetezi, na vingi viliishia kukatwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Uganda nayo ilichelewa, ikafungua makumbusho yake ya reli Jinja mwaka 2022, na kuchelewa huko kunaonyesha kwamba mlango haujafungwa kwa anayeanza sasa.

Kuhifadhi kichwa cha mvuke ni kazi ya namna mbili zisizofanana. Ya kwanza ni kukifanya kisimame: bwela likaushwe kabisa, maana tone lililobaki ndani hula chuma polepole kuliko mvua ya nje lakini bila kuonekana, fito zipakwe grisi, rangi irudiwe, na juu yake liwekwe paa, ambalo ndilo jambo rahisi kuliko yote na ndilo linalosahauliwa mara nyingi kuliko yote. Ya pili ni kukifanya kitembee, na Nyaturu kimewahi kufufuliwa na kuvuta treni za matembezi miaka mingi baada ya kustaafu; hapo bwela hujazwa maji baridi na kushinikizwa kupita kiwango cha kazi ili udhaifu wowote ujitokeze kwa kuvuja badala ya kulipuka, mirija iliyochakaa hubadilishwa, na lazima apatikane mtu anayejua kuusoma moto kwa rangi yake. Chuma kinaweza kungoja miaka 40. Mtu huyo hawezi.

Kuna jambo moja ambalo makumbusho ya vichwa peke yake hayawezi kulionyesha, nalo ndilo lililoifanya safari hii ifuate maji badala ya kufuata injini. Kichwa kilichosimama chini ya paa huonekana kamili, kana kwamba kilijitosheleza, ilhali katika kazi yake kilikuwa nusu tu ya mtambo ambao nusu yake ya pili ilikuwa imetawanyika kandokando ya reli: matangi, visima, malambo, mabomba ya kujazia tenda, na watu waliolipwa kuyalinda. Ingekuwa haki zaidi kwa njia ya Mwanza kuhifadhi tangi moja la stesheni ya katikati, pamoja na maelezo ya nani alilijaza na kwa maji ya wapi, kuliko kununua kichwa kutoka mbali na kukipaka rangi nyeusi inayong'aa.

Tabora hufikiwa kwa matandazo ya reli zinazoungana kutoka pande tatu, chini ya miembe. Hapa vichwa vilivyotoka Mwanza viliwahi kumwagwa maji na kukwanguliwa, na hapa pia mji wenyewe, kwa miongo mingi, ulikuwa ukingoja mvua. Mwaka 2009 ulizinduliwa mradi unaochota maji ya Ziwa Victoria huko Ihelele, wilayani Misungwi, na kuyasukuma kwa bomba hadi Kahama na Shinyanga, na baadaye bomba likaendelezwa hadi Nzega, Igunga na Tabora. Msafiri anayeshuka kwenye treni na kunawa vumbi mjini huko hunawa maji yaliyotoka alikotoka yeye, na yaliyopanda nchi ya namna ileile iliyofanya tenda za kundi la 30 ziwe kubwa.